Namba Nne ya Asnath

Same,
3 Machi 1974

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Leo naandika ndefu kwa mara ya mwisho, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Vidole vimekufa ganzi. Tangu kazi ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya ianze, ofisi yetu haipumui. Kila anayehamishwa ana swali, kila swali linakuja kwa barua, kila barua inataka jibu, na majibu yote yanapita kwenye mashine yangu ya kuchapa. Mchana nakula ugali wa ule unga wa njano wa msaada, nao nimeuchoka kama nilivyoichoka mashine. Nikirudi chumbani nalala na viatu.

Mkuu wangu, Bwana Novatus, naye amechoka. Zamani alikuwa ananisomea majibu neno kwa neno, mimi naandika kwa hati mkato, kisha nachapa. Siku moja nikamwambia, mzee, majibu yako yote duniani ni manne tu, hebu tuyape namba tupumzike. Alicheka, tukayapa. Sasa anaitazama barua ya mwananchi, anaandika namba kwenye pembe kwa penseli nyekundu, basi. Kwa mfano nne ni ile ya "Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa na ofisi hii, utajulishwa." Vituo vya mashine nimevipanga hivi kwamba nikibonyeza mara moja inaruka mpaka mahali pa tarehe, nikibonyeza tena inaruka mpaka mahali pa sahihi. Nikiona nne, mikono inakwenda yenyewe mpaka "Wako katika ujenzi wa Taifa," mimi niko mbali nawaza chumvi imekwisha. Jioni anasaini rundo zima bila kusoma. Asome nini, na maneno ni yake?

Sasa nikitoka huko, nikae tena nimwandikie Mama nusu ukurasa wa salamu? Kaka, sina nguvu hizo. Na wewe ndiye unayemsomea, kwa hiyo tufanye kama ofisini.

Moja itakuwa: Mama yangu mpendwa, shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Mbili: namuulizia ng'ombe, migomba, kahawa, mvua, majirani, na watu wa kanisani mmoja mmoja.

Tatu: anisamehe kwa kuchelewa kuandika, kazi ni nyingi.

Nne: nikijaliwa, nitakuja mwezi ujao.

Likizuka jipya nitaliandika. Lisipozuka utaona namba tu, nawe umsomee kwa kirefu chake. Sauti unayo, kanisani wanakusikia mpaka walioko nje.

Mdogo wako,
Asnath


Mhezi,
24 Machi 1974

Asnath mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata kwa mkono wa Mbaraka, dereva wenu, aliyempandisha bwana shamba huku. Bahati nzuri niliisoma peke yangu kwanza.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mashine yako. Unabonyeza huko Same, kengele inalia huku Mhezi. Haya. Nimewahi kupewa kazi mbaya kuliko hiyo, niliwahi kuwa mweka hazina wa kwaya.

Lakini ujue unaniachia nini. Mama hasikilizi barua kama watu wengine. Anaacha alichokishika, anajifunga kanga upya, anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, na mtu akikohoa anafukuzwa. Nikimaliza ananiambia nirudie pale aliponiulizia mgongo, au pale aliposema usilime peke yako. Sasa nikiwa na namba mbili tatu mkononi, hapo patakuwa wapi? Sijakataa. Nimeuliza tu. Hiyo ya Machi nimemsomea kuanzia "Mama yangu mpendwa" na nikaishia kwenye kuja kwako. Alifurahi, akataka nirudie mwisho.

Jipya ni hili, na hili usilipe namba. Macho. La kulia lina ukungu, ukimtazama unaona weupe pale kwenye mboni, na la kushoto linafuata. Juzi alichambua maharage. Maharage mazima yalikwenda kwa kuku, tukatafuna mawe. Hakuna aliyesema kitu mezani, hata mke wangu, nawe unamjua mke wangu.

Mganga wa zahanati anasema ni mtoto wa jicho, linapasuliwa na mtu anaona tena. Mpasuaji ni yule daktari wa kizungu anayefika kwenye hospitali ya misheni upande wa pili wa milima. Anakuja Juni, anakuja tena Oktoba, kisha mwisho wa mwaka anarudi kwao kabisa, na hakuna anayejua kama atakuja mwingine. Nijibu tufanyeje.

Kaka yako,
Eliufoo


Same,
19 Mei 1974

Kaka, shikamoo.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Habari ya macho nimeisikia. Nne tena.

Asnath


Mhezi,
30 Juni 1974

Asnath,

Marahaba, ingawa leo naitoa kwa shida.

Barua yako ya Mei ilitusomesha mpaka chai ikapoa. Mama alilia kidogo. Ulimuulizia hadi yule kuku kiwete, akasema, huyu mtoto hasahau. Nikakunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Sasa sikia yaliyofuata. Juzi Jumanne lilipita lori la mbao linalozunguka mlima mpaka karibu na hospitali ya misheni. Nilimwomba dereva, akakubali Mama akae mbele, mke wangu juu ya mbao. Daktari alikuwa pale wiki nzima. Tulishamvisha Mama koti langu, tumeshafunga na chakula. Alipofika kwenye lori alishika mlango, akasimama. Akasema hapandi. Asnath anakuja mwezi huu kunichukua, akasema, ameahidi mara mbili katika barua moja, nikiondoka atakuta nyumba imefungwa. Dereva alipiga honi. Nilimbembeleza, mchungaji akambembeleza, mwisho lori likaondoka. Mke wangu akashusha kikapu.

Chumba chako amekifagia. Kila siku gari likinguruma kule bondeni anatoka mpaka njia panda, anapapasa na fimbo. Likiwa ni lile linaloleta chumvi dukani, anarudi.

Mimi ndiye niliyemsomea hiyo nne. Nilidhani unajua unachokiandika. Daktari ameondoka jana. Imebaki Oktoba. Niambie siku, Asnath, siku yenye jina.

Eliufoo


Same,
14 Julai 1974

Kaka, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Unanihukumu kana kwamba nilidanganya. Nani asiyeandika "nikijaliwa nitakuja"? Wewe mwenyewe ulipokuwa unakata mkonge ulituandikia hivyo miaka mitatu, na hatukukuona mpaka ulipougua malaria. Ni adabu ya barua. Huwezi kufunga barua ya mama yako kwa kusema huji.

Likizo nimeiomba. Bwana Novatus hakuniandikia namba, aliniambia kwa mdomo: hakuna wa kukaa kwenye mashine, tuvumiliane mpaka watu wahamie. Macho yake mekundu, kikohozi hakimwishi, analala ofisini siku nyingine. Sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Petroli nayo unaijua, mabasi ya milimani yamekatwa, na gari la ofisi halitoki bila karatasi yenye sahihi yake.

Lakini nimefikiri. Mama si peke yake mwenye macho mabovu huko. Mwenyekiti wenu, Melkizedeki, aandike barua rasmi kuomba gari la ofisi liwapeleke wazee wa macho kwa daktari Oktoba. Kiwe kijiji kinachoomba. Ikija kwa njia hiyo haiwezi kutupwa, kila barua hapa inajibiwa, hilo nakuhakikishia kwa vidole vyangu mwenyewe.

Na Mama mwambie ukweli, kwamba mimi sijui lini. Sina uso wa kumwandikia.

Asnath


Mhezi,
25 Agosti 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Hasira yangu imepoa, nimekuwa nikilima.

Melkizedeki ameandika. Unamjua kwa fahari yake, ilibidi aandike mara tatu ndipo akaridhika na "uongozi shupavu." Wazee waliotajwa ni saba, na wa kwanza ni Mama, jina lake kamili na la baba yake. Barua imeshuka na gari la chumvi wiki iliyopita. Wazee wenyewe wanaulizana kila Jumapili kama jibu limefika, wanaulizana kwa sauti kubwa mpaka mchungaji anakunja uso.

Mama sasa anajua mchana kwa joto la jua mgongoni. Anaendelea kupika, amekataa kunyang'anywa jiko. Jana alimwita mwanangu wa kwanza kwa jina lako.

Nilimwambia ukweli kama ulivyoagiza, kwamba hujui utakuja lini. Akasema labda nilisoma vibaya, nimsomee tena ile ya Mei. Nikamsomea tena. Ningefanyaje?

Eliufoo


Mhezi,
29 Septemba 1974

Asnath,

Jibu limefika. Melkizedeki aliitisha watu baada ya ibada, wazee wote saba wakaletwa mbele wakakalishwa kwenye benchi la wanakwaya. Kwa kuwa yeye miwani yake imevunjika, nilisoma mimi. Nakunukulia, ingawa najua huhitaji:

"Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa na ofisi hii, utajulishwa. Wako katika ujenzi wa Taifa."

Wazee wakapiga makofi. Walidhani imekubaliwa. Mzee Aminieli alisimama akashukuru serikali. Mama naye alipiga makofi, akauliza litakuja lini. Nikasema tutajulishwa.

Chini kushoto kuna herufi mbili ndogo za aliyechapa. Za Bwana Novatus si zile. Ni zako, Asnath. Nilizifahamu hata kabla sijamaliza kusoma, nikaendelea kusoma kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Ulituambia tuandike. Tukaandika. Jina la mama yako lilikuwa la kwanza. Hata shikamoo hukumpa.

Sina zaidi.

Eliufoo


Same,
6 Oktoba 1974

Kaka, shikamoo.

Sikuiona. Naomba uniamini kwa hili hata kama huniamini kwa lingine. Barua za wananchi hazifiki kwangu. Zinatoka masjala zinakwenda kwa Bwana Novatus, anaziwekea namba, zinarudi masjala. Mimi siku hizi naletewa kipande cha karatasi walichonakili: Mwenyekiti, Mhezi, nne. Mwenyekiti, Kwakoa, moja. Mwenyekiti, Bombo, nne. Siku ile vilikuwa vipande vya kujaza kofia. Nilichapa Mhezi kama nilivyochapa Bombo. Nilikuwa nawaza kwamba barua ya Melkizedeki inachelewa kufika, nikawaza hivyo huku naijibu.

Ulipoandika kuhusu makofi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo mpaka Mbaraka akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamsimulia yote. Alisema jambo moja tu: "Mimi nikipewa karatasi yenye sahihi, siulizi."

Basi. Ijumaa masjala waliniletea vipande kama kawaida, na kimoja kilikuwa cha kijiji kingine, nne. Nikakichapa. Kisha nikaweka karatasi nyingine, nikaandika Mwenyekiti, Mhezi, nikaanza kama nne inavyoanza, "Suala lako limepokelewa," na pale mikono ilipotaka kwenda na "linashughulikiwa" nikaizuia. Kaka, usicheke, ilikuwa kazi. Ilibidi nitazame kila herufi kama siku ya kwanza chuoni. Nikaandika: "na limekubaliwa. Gari la ofisi litafika Mhezi Jumatatu tarehe 14 Oktoba kuwachukua wazee wote waliotajwa, litawafikisha hospitali na kuwarudisha. Nakala: Dereva Mbaraka, kwa utekelezaji, pamoja na petroli." Nikamalizia na ujenzi wa Taifa.

Nikaiweka katikati ya rundo. Nilisimama pembeni ya Bwana Novatus kama kila jioni, namfunulia mahali pa sahihi. Alikuwa anakohoa. Aliisaini kama alivyosaini ya juu yake na ya chini yake, akaniuliza kama chai ipo.

Kwa hiyo gari linakuja. Waambie wazee wachukue blanketi. Na mwambie Mama hili neno kwa neno: gari hilo nimelituma mimi, akipanda, mimi sitakuta nyumba imefungwa, amepanda mikononi mwangu. Asishike mlango.

Usiniandikie habari hii kwa posta ya ofisini. Mpe Mbaraka mkononi.

Asnath


Same,
27 Oktoba 1974

Kaka, shikamoo.

Moja. Mbili. Tatu.

Asnath


Mhezi,
17 Novemba 1974

Asnath mdogo wangu,

Marahaba, na hii ya leo natoa kwa moyo wote.

Mama anaona. Nimeanza na hilo kwa sababu najua mengine huwezi kuyasoma kabla ya hilo. Limepasuliwa la kulia, la kushoto daktari alisema liachwe. Amepewa miwani mizito kama tako la chupa, imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na macho yake yanaonekana makubwa kama ya bundi. Wazee watano wanaona. Wawili daktari alisema wamechelewa, na mmoja wao ni Mzee Aminieli. Ameshukuru serikali hata hivyo.

Siku ya gari hatukuhitaji kumbembeleza. Nilipomwambia umelituma wewe, alipanda wa kwanza, akawauliza wenzake wanangoja nini.

Sasa kuna jambo limetokea hapa, nami sijui nilielezeje. Wiki iliyopita, alipozoea miwani, alitazama kila kitu. Alitazama mikono yake, akatazama paa, akanikemea kwa ajili ya paa. Kisha akasema, niletee barua za Asnath. Nikamwambia, Mama, hujui kusoma. Akasema anajua, anataka kuziona tu, amezisikia mwaka mzima.

Ningekataa vipi? Nikamletea. Akashika ile ya Mei, akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudisha mbele. Akauliza kurasa nyingine ziko wapi. Nikasema ndiyo hiyo. Akasema: "Hii ndiyo iliyoniliza?"

Akaweka kidole juu ya maneno yako, akayapita yote kwa mara moja, kidole kikabaki kwenye karatasi nyeupe. Akasema: "Kusoma sijui. Lakini shamba lililolimwa na lisilolimwa nalijua."

Ikabidi niseme. Nikamweleza namba. Nilitegemea akasirike, akaniuliza tu yule kuku kiwete wa kwenye barua alikuwa wa nani. Nikasema wangu. Akauliza, na aliyesema usilime peke yako, na aliyeuliza habari za mgongo, na aliyesema usiku akisikia mvua anakumbuka sauti yangu nikiimba jikoni? Nikasema, ni mimi, Mama. Mimi mtu mzima mwenye ndevu, nimekaa chini mbele ya mama yangu kama mtoto aliyeiba sukari. Maneno hayo sijawahi kumwambia kwa jina langu hata siku moja, tunakaa nyumba zinazotazamana na kila asubuhi namsalimia kisha naulizia jembe.

Kisha akaniambia: "Basi rudia. Ila sasa usiseme ni Asnath."

Nilirudia nilivyoweza. Ilikuwa ngumu kuliko kusoma.

Alipomaliza kujifuta chini ya ile miwani akataka na barua yako ya mwisho. Akahesabu kwa kidole, akauliza ya nne imekwenda wapi. Safari hii ninalo jibu, maana Mbaraka amenieleza, ingawa ulimkataza. Amesema umesimamishwa kazi tangu gari liliporudi. Amesema umeambiwa usitoke mjini mpaka kamati ikae, na kwamba Bwana Novatus hasemi na mtu. Wewe ukatuandikia "moja," kwamba huko ni mzima.

Sikumficha Mama. Nimechoka kumsomea visivyoandikwa. Alisema nikuandikie hivi: hataki namba tena. Ukiwa na neno moja la kwako, andika hilo moja, na liwe la kweli.

Kaka yako,
Eliufoo


Same,
8 Desemba 1974

Kaka, shikamoo. Hii ni ya Mama. Msomee kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze. Naiandika kwa mkono kwa kuwa mashine si yangu tena, na mkono wangu umekuwa mbaya, nisamehe.

Mama yangu,

Shikamoo.

Mimi si mzima. Siumwi kitu ambacho mganga angekiona, nimechoka tu, Mama, nimechoka mpaka nikipigiwa hodi sijibu. Kwa mwaka mzima nimewaandikia watu wengi sana kwamba mambo yao yanashughulikiwa, nami sikujua hata moja lilikuwa jambo gani. Nawe nilikuweka humo humo pamoja nao. Kaka amekutunza kuliko nilivyokutunza. Hayo maneno mazuri ni yake kweli, mwekee yeye.

Kamati ilikaa Alhamisi. Waliweka ile barua ya gari mezani, wakamuuliza Bwana Novatus kama sahihi ni yake. Akasema ni yake. Wakamuuliza kama aliisoma kabla ya kusaini. Nilikuwa natazama sakafu. Angesema hakuisoma, mimi ningetoka pale na polisi. Alikohoa muda mrefu mpaka mtu akamletea maji, kisha akasema, "Niliisoma."

Ikaishia hapo. Nje aliniambia sitakaa tena kwenye mashine yake, hawezi kunitazama. Nimepangiwa Kwakoa, huko tambarare, kuwaandikisha watu wanaohamia kijiji kipya. Nitaandika kwa mkono, mtu akiwa amesimama mbele yangu. Bwana Novatus sasa anasoma kila barua mwenyewe kabla ya kujibu. Wanasema rundo limefika dirishani, na taa yake haizimwi. Namwonea huruma, Mama. Hakuniaga.

Kwakoa naanza Januari. Mpaka hapo sina kazi, sina pa kuchelewa, wala hakuna wa kunikatalia.

Nakuja Jumamosi, tarehe kumi na nne. Mbaraka atanishusha pale njia ya mlimani inapoachana na barabara kuu, kutoka hapo nitapanda kwa miguu, nitafika jua likiwa bado lipo. Ukitoka mpaka njia panda utaniona. Nimekonda, na nimekata nywele, kwa hiyo nitazame vizuri kabla ya kusema siye.

Chumba usikifagie. Nitafagia mimi.

Asnath